"Hakuna Mtandao": Maana za Kauli Moja na Utatuzi wa Hitilafu za Simu Janja katika Miji ya Thika na Ruiru

Utangulizi

Miongoni mwa kauli zinazosikika kila siku katika miji ya Thika na Ruiru, "hakuna mtandao" ni mojawapo ya zile zinazotamkwa mara nyingi na kufafanuliwa mara chache. Mwuza mboga wa soko la Madaraka mjini Thika huitamka pindi mteja anaposimama mbele yake akidai kwamba amekwisha kulipa ilhali ujumbe wa M-Pesa haujaingia. Mwanafunzi aliyepanga chumba mtaani Kimbo, Ruiru, huitamka saa tano za usiku akiwa na kazi ya kuwasilisha kabla ya saa sita. Abiria wa matatu itokayo Nairobi huitamka anapopita Juja, ukurasa aliokuwa akiusoma ukikataa kufunguka. Watatu hao husema jambo moja kwa maneno yaleyale. Hata hivyo, hitilafu zinazowasibu si moja, na dawa ya mmoja haimponyi mwenzake.

Makala hii inaichunguza kauli hiyo kwa jicho la lugha na kwa jicho la ufundi kwa pamoja. Dai lake ni kwamba sehemu kubwa ya usumbufu anaoupata mtumiaji wa simu janja, na sehemu isiyo ndogo ya pesa anazomlipa fundi, hutokana na kutoitaja hitilafu kwa jina lake. Mgonjwa anayemwambia daktari "ninaumwa" bila kuonyesha mahali hupimwa kila kitu. Mwenye simu anayemwambia fundi "hakuna mtandao" hufanyiwa vivyo hivyo, na tiba ya mwisho ya fundi mwenye haraka ni kufuta kila kilichomo ndani ya simu. Kwa mwanafunzi ambaye sura mbili za tasnifu yake zimo katika simu hiyo, suala hili si la istilahi tu.

Neno lililobebeshwa mzigo

Asili ya neno mtandao haina utata. Kitenzi tanda na jamaa yake tandaa hueleza kitu kilichoenea na kufunika: wingu hutanda, buibui hutanda utando wake, mkeka hutandikwa. Mtandao basi ni kitu kilichotandaa, chenye nyuzi zinazokutana. Waliolitwaa neno hili kuelezea tarakilishi zilizounganishwa walifanya uteuzi wa busara, kwa kuwa picha yake inaeleweka hata kwa mtu asiyewahi kuigusa tarakilishi. Tatizo lilikuja baadaye. Katika miaka ya 2000, enzi ambapo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za Jambo OpenOffice (2004), na mijadala ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta ikapamba moto, palikuwa na maneno kadhaa yaliyogombea nafasi: mtandao, intaneti, mdahalishi, wavuti, tovuti. Tovuti na wavuti yalipata kazi yake. Mdahalishi halikutoka sana nje ya vitabu. Mtandao likarithi kila kilichosalia.

Leo neno hilo moja, katika kinywa cha mkazi wa Thika, hutaja angalau mambo manne. Hutaja kampuni ya simu, kama katika swali "uko mtandao gani, Safaricom au Airtel?" Hutaja mawimbi yanayotoka mnarani hadi katika simu. Hutaja intaneti, iwe imeingia kwa data ya laini au kwa Wi-Fi. Tena hutaja huduma fulani iliyo mbali kabisa na simu, kama anavyosema karani wa benki kwamba "mtandao uko chini". Yeyote atakayetaka kuitatua hitilafu lazima kwanza aamue ni mtandao upi kati ya hiyo minne uliokosekana.

Inafaa kutambua hapa kwamba mafundi wa vibandani wana msamiati wao, na si msamiati wa kudharauliwa. Wao husema simu "haishiki", au kwamba "inashika na kuachilia". Kitenzi shika kina faida ambayo nomino mtandao haina: kinadai mshikaji na kinachoshikwa. Simu isiposhika, swali linalofuata lenyewe ni "haishiki nini?" Hali kadhalika mnara wa simu wengi huuita "busta", neno ambalo wasanifu wa lugha wangelikunjia uso, ingawa hakuna msikilizaji wa Ruiru anayelikosea maana.

Kuitenga hitilafu

Kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua mipangilio yoyote. Mtumiaji apige simu ya kawaida, au abonyeze *334#, nambari inayofungua menyu ya M-Pesa. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 simu nyingi nchini Kenya hazikuwa na intaneti. Kwa hiyo huduma ilijengwa juu ya laini yenyewe. Nambari hizi za nyota na reli nazo husafiri kwa mawimbi ya simu bila kuhitaji data hata chembe. Menyu hiyo ikifunguka, mawimbi yapo na laini ni hai. Kilichokosekana ni intaneti. Isipofunguka, na simu ya kawaida nayo ikikataa, tatizo limo katika mawimbi au katika laini, na kuhangaika na Wi-Fi au kununua bando jingine ni kupoteza muda na fedha. Simu ya kawaida ikipita lakini menyu ya M-Pesa ikagoma, basi simu haina kosa: huduma yenyewe ndiyo iliyolemewa, na hapana fundi wa Thika anayeweza kuirekebisha.

Programu ya M-Pesa iliyomo katika simu janja inatatiza kipimo hiki kidogo, kwa sababu kwa kawaida hutegemea intaneti japo ina njia ya kutumika bila data. Mtu huiona imekwama akahitimisha kwamba M-Pesa imekufa, ilhali menyu ya zamani ingemhudumia papo hapo. Mwuza mboga aliyetajwa hapo awali anahitaji kujua jambo moja zaidi: ujumbe wa uthibitisho na pesa zenyewe ni vitu viwili. Pesa zinaweza kuingia ujumbe ukachelewa njiani. Kabla ya kumshurutisha mteja alipe mara ya pili, aangalie salio lake kwa menyu. Ugomvi mwingi wa sokoni ungeisha hapo.

Mawimbi

Sensa ya mwaka 2019 iliuhesabia mji wa Ruiru wakazi 490,120, idadi iliyoupa nafasi ya nne nchini, na mji wa Thika wakazi 251,407. Takwimu hizi ni muhimu kwa mjadala wetu. Mnara wa simu hugawa uwezo wake kwa wote waliomo katika eneo lake. Panapokuwa na maghorofa ya kupangisha yaliyobanana kama yalivyo Kimbo na Kihunguro, saa mbili hadi saa tano za usiku kila mpangaji huwa ameshika simu. Vijiti vya mawimbi huonekana vimejaa, na bado hakuna kinachofunguka. Wengi hawaelewi kwamba vijiti hivyo hupima nguvu ya sauti ya mnara, si nafasi iliyobaki ndani yake. Ni sawa na kumsikia kondakta vizuri kabisa akiita abiria ilhali gari lake limejaa pomoni. Hitilafu ya namna hii haina mpangilio wa kuitibu. Dawa yake ni saa. Aliyezoea hupakua masomo yake alfajiri.

Jirani ya vijiti hivyo huwa na herufi, na herufi hizo husema mengi kuliko vijiti. E ni teknolojia ya zamani ambayo huweza kubeba ujumbe mfupi lakini si video. H au 3G ni afadhali. Safaricom ilianza kutoa 4G mwishoni mwa mwaka 2014, na 5G kibiashara mwezi Oktoba 2022. Simu yenye uwezo wa 4G ikionyesha E mchana kutwa katikati ya mji wa Thika, pana sababu chache za kuchunguza. Huenda mpangilio wa aina ya mtandao umefungwa kwa teknolojia ya chini, jambo linalofanywa na baadhi ya watu ili kuokoa betri kisha wakasahau. Huenda laini yenyewe ni ya miaka mingi, iliyotengenezwa kabla ya 4G, na inahitaji kubadilishwa dukani bila kupoteza nambari. Au simu imenata tu.

Kunata huku ndiko kunakomsibu abiria wetu wa Juja. Gari likipita katika barabara kuu ya Thika, simu hukabidhiwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine kila baada ya muda mfupi. Zaidi ya hayo, katika simu na laini ambazo hazipitishi sauti kwa 4G, kila simu inapopigwa kifaa hushuka hadi teknolojia ya chini ili kubeba mazungumzo, na mara nyingine husalia huko baada ya mazungumzo kwisha. Tiba yake ni rahisi: kuwasha hali ya ndegeni kwa sekunde 10 hivi kisha kuizima. Simu hujiondoa kabisa katika daftari la mnara na kujisajili upya, safari hii kwa mnara ulio karibu na kwa teknolojia iliyo bora. Istilahi hali ya ndegeni, kwa maoni ya wengi, inachekesha kidogo kwa abiria wa matatu. Hata hivyo kiambishi -ni kinafanya kazi yake barabara, na ni fupi kuliko maelezo mengine yoyote.

Data

Ikiwa mawimbi yapo na intaneti haipo, kinachochunguzwa ni data. Hapa sababu nyingi ni za aibu kwa wepesi wake. Bando limekwisha. Data imezimwa kwa kidole kilichopita juu ya skrini bila kukusudia. Kiokoa Data kimewashwa, nacho huzizuia programu kutumia intaneti zikiwa nyuma ya pazia, hivyo ujumbe wa WhatsApp huingia kwa mkupuo pale tu programu inapofunguliwa.

Sababu inayostahili maelezo zaidi ni ile ya laini mbili. Wakazi wengi wa miji hii huwa na laini ya Safaricom kwa ajili ya M-Pesa na ya Airtel kwa ajili ya bando la bei nafuu. Simu janja huruhusu laini moja tu itumike kwa data kwa wakati mmoja. Mtu hununua bando katika laini ya pili, simu ikaendelea kutafuta data katika laini ya kwanza, na ama hapati kitu ama salio la kupiga simu linayeyuka polepole bila yeye kujua. Malalamiko kwamba "kampuni imekula pesa" aghalabu huzaliwa hapa. Katika sehemu ya mtandao na intaneti ndani ya mipangilio, kila laini ina jina lake, na ni lazima ichaguliwe ile yenye bando.

Lipo pia jambo la mlango wa mtandao, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi tatu, APN. Simu huhitaji kujua jina la mlango wa kampuni ambao data itapitia. Kwa kawaida hulipata yenyewe laini inapoingizwa. Lakini simu zilizonunuliwa nje ya nchi, au zilizofutwa na kupangwa upya, huweza kulikosa. Kwa Safaricom, jina la mlango ni safaricom, jina la mtumiaji ni saf, na nenosiri ni data, yote kwa herufi ndogo. Hii ni kazi ya dakika 2, nayo haihitaji fundi.

Wi-Fi za plotini na za chuoni

Hitilafu za Wi-Fi ndizo zenye sura nyingi zaidi, na ndizo zinazomgusa mwanafunzi kwa ukaribu. Wi-Fi ni redio ya masafa mafupi inayounganisha simu na kifaa kiitwacho ruta. Ruta nayo huunganishwa na intaneti kwa waya au kwa antena iliyo juu ya paa. Kwa hiyo kuna viungo viwili, na simu huweza kushika kiungo cha kwanza huku cha pili kimekatika. Hapo ndipo skrini husema kwamba simu imeunganishwa lakini hakuna intaneti, sentensi inayowaudhi watumiaji kwa sababu inasikika kama mkanganyo. Si mkanganyo. Mtu ameingia sebuleni, bali jikoni hakuna chakula. Simu ya jirani ikionyesha vivyo hivyo, kosa ni la mwenye ruta au la kampuni inayomwuzia intaneti, na mara nyingine ni la mbali zaidi: Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Afrika Mashariki nzima, na kuzima na kuwasha ruta ya Ruiru hakungesaidia lolote.

Jambo la kuta halitiliwi maanani inavyostahili. Nyumba nyingi za Ruiru, Juja na Thika zimejengwa kwa mawe ya kuchonga ya Ndarugo, ukuta ambao ni mzito na hufyonza mawimbi ya redio. Ruta za kisasa hutoa masafa mawili, la gigahazi 2.4 na la gigahazi 5. Hilo la pili lina kasi zaidi lakini hupenya ukuta kwa shida. La kwanza huenda mbali ingawa hugombaniwa na ruta zote za majirani na vifaa vya Bluetooth pia. Mpangaji aliye vyumba viwili kutoka kwenye ruta atafanikiwa zaidi kwa kuchagua jina la mtandao lisilo na nambari 5 mwishoni, endapo mwenye ruta ameyatenga majina hayo. Kuiweka ruta juu ya kabati, mbali na friji na mabati, nako kuna faida inayopita ya kuongeza malipo ya kasi.

Katika ploti nyingi Wi-Fi huuzwa kwa saa au kwa siku. Mteja huunganisha simu, ukurasa hufunguka wenyewe ukimtaka alipe kwa M-Pesa, kisha mlango unafunguliwa. Ukurasa huo wa mlangoni hukataa kutokea kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza ni DNS ya faragha. DNS ni daftari linalogeuza majina ya tovuti kuwa nambari; mlango wa ploti hutaka simu itumie daftari lake ili uielekeze kwenye ukurasa wa malipo, na simu iliyoamriwa kutumia daftari jingine la siri hukataa kuelekezwa. Kuizima kwa muda hutosha. Sababu ya pili ni tarehe na saa. Simu iliyozimika betri kwa muda mrefu huamka na mwaka usio wake, na tovuti salama zikaiona kama mtu anayeonyesha kitambulisho ambacho muda wake haujafika.

Msiba mkubwa zaidi wa Wi-Fi za kulipia ni kupotea kwa muda uliolipiwa. Ruta humtambua mteja kwa nambari ya kifaa chake. Kuanzia Android 10, na kwa simu za iPhone kuanzia iOS 14, simu huficha nambari halisi na kutumia ya kubuni kwa ajili ya faragha ya mwenyewe. Nambari hiyo ya kubuni ikibadilika, kwa mfano mtu anapogeuza mpangilio huo akitafuta dawa ya tatizo jingine, ruta humwona kama mgeni anayepaswa kulipa upya. Anayetumia Wi-Fi ya aina hii aamue mara moja kutumia nambari ya kifaa au ya kubuni, kisha asiiguse tena hadi muda wake uishe.

Vyuo vikuu vingi vya Kenya huunganishwa kupitia KENET, nayo ndiyo inayosimamia nchini huduma ya eduroam, ambayo humwezesha mwanafunzi wa chuo kimoja kutumia Wi-Fi ya chuo kingine. Kosa la kawaida hapa ni kuandika jina la mtumiaji pekee bila anwani ya chuo baada ya alama ya @. Pasipo sehemu hiyo, chuo mwenyeji hakijui kimwulize nani habari za mgeni. Kosa la pili lilizuka baada ya Android 11, ambapo simu nyingi zilianza kukataa kuunganishwa bila kuthibitisha cheti cha chuo. Mwongozo wa zamani uliobandikwa ukutani husema cheti kiachwe wazi. Simu mpya hutaka kikoa cha chuo kiandikwe. Mwanafunzi hufuata mwongozo neno kwa neno na bado hufungiwa nje.

Kuhusu Bluetooth hakuna mengi: vifaa vikikataana, viondolewe katika orodha kwa pande zote mbili na kuunganishwa upya.

Akiba, data na hatari ya kufuta

Simu inayozungumza Kiswahili ipo, na Mipangilio, nenosiri, sasisho na programu ni maneno yanayojieleza. Pamoja na hayo, fundi akipokea simu iliyowekwa Kiswahili aghalabu huanza kwa kuirejesha Kiingereza. Wapo wanaoona hapo dharau kwa lugha. Yamkini kuna sababu nyingine: baadhi ya maneno ya skrini yanaogofya au yanapotosha, na wanafunzi wa istilahi wangefaa kuyaangalia kwa makini kuliko wanavyofanya sasa.

Mfano bora ni Futa akiba. Akiba inayozungumziwa ni mabaki ya picha na kurasa ambayo programu huyahifadhi ili ifunguke haraka. Kuyafuta hakudhuru kitu, na mara nyingi huiponya programu iliyokwama. Lakini katika nchi ambako akiba ya mtu imo ndani ya simu hiyohiyo, katika huduma kama M-Shwari iliyoanza mwaka 2012, nani atathubutu kubonyeza kitufe kinachomwambia afute akiba? Neno ni sahihi kwa kamusi na si sahihi kwa mahali lilipowekwa. Karibu yake pana Futa data. Mtumiaji wa Thika anajua data kuwa ni bando. Hudhani akibonyeza atapoteza megabaiti zake, au kinyume chake hubonyeza bila hofu kwa kuwa bando lake limekwisha. Kumbe hapo data ni kumbukumbu zote za programu ile, na katika WhatsApp mazungumzo yasiyokuwa na nakala huweza kutoweka. Kitufe kisicho na madhara kimepewa jina la kutisha, na chenye madhara kimepewa jina la kawaida.

Ukungu huohuo upo katika kile mafundi wanachokiita "kuriseti". Kitenzi hicho kimoja hufunika matendo mawili yasiyolingana. La kwanza ni kuirudisha mipangilio ya mtandao peke yake katika hali yake ya awali. Tendo hili hufuta manenosiri ya Wi-Fi yaliyohifadhiwa, vifaa vya Bluetooth na milango iliyoandikwa kwa mkono, na huacha picha, ujumbe na nyaraka salama. Ni tiba halali baada ya nyingine kushindwa. La pili ni kuirejesha simu kama ilivyotoka kiwandani, ambapo kila kitu cha mwenyewe hufutika. Anayepeleka simu kibandani amwambie fundi bayana ni lipi kati ya hayo mawili analoliruhusu.

Hata baada ya kufutwa, matatizo hayaishi. Simu za Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, zikifutwa kwa vitufe vya nje, hudai akaunti ya Google iliyokuwamo. Wanunuzi wengi walifunguliwa akaunti hiyo na muuzaji dukani siku ya kununua, na hawajawahi kulijua nenosiri lake. Fundi asiye mwangalifu akienda mbali zaidi na kuipakia simu programu ya mfumo isiyo yake, simu huweza kupoteza nambari yake ya utambulisho, ile inayoonekana mtu akibonyeza *#06#. Simu isiyo na nambari halali huweza kukataliwa na minara. Wakenya walilijua hilo mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ilipoagiza simu bandia zizimwe. Sheria ya Kenya ya Habari na Mawasiliano inaharamisha kuibadilisha nambari hiyo, kwa hiyo fundi anayejitolea kuiandika upya kwa malipo anamwingiza mteja wake katika kosa.

Laini iliyonyamaza ghafla

Imesalia maana moja ya "hakuna mtandao" ambayo haifai kusubiriwa. Mtu anaweza kuwa ameketi na wenzake mjini Ruiru, wote wakitumia kampuni moja ya simu, mawimbi ya wenzake yakiwa timamu na yake yametoweka kabisa. Amejaribu hali ya ndegeni. Ameitoa laini na kuirudisha. Ameiweka katika simu nyingine na bado imenyamaza. Hapo uwezekano ni mmoja kati ya miwili: kadi imeharibika, au mtu mwingine ameisajili nambari ile katika kadi mpya. Walaghai hufanya hivyo baada ya kukusanya nambari ya kitambulisho na taarifa nyingine za mwenye laini, mara nyingi kwa kumpigia simu wakijifanya wahudumu wa kampuni waliogundua kwamba "laini yako ina hitilafu ya mtandao". Kauli ileile inayotumiwa na wananchi kulalamika ndiyo wanayoitumia kumnasa. Safaricom imetangaza mara kwa mara kwamba huwapigia wateja wake kwa nambari 0722 000 000 pekee, na hakuna kampuni inayouliza nambari ya siri.

Kwa kuwa nambari ya simu ndiyo inayopokea namba za muda za benki na za barua pepe, dakika za mwanzo zina thamani kubwa. Mwenye laini aazime simu ya mwenzake aipigie kampuni mara moja akitaka laini na akaunti ya M-Pesa zifungwe, aiarifu benki yake, kisha aende dukani na kitambulisho chake cha taifa. Akisharejeshewa laini, abadilishe nambari yake ya siri, na abonyeze *106# ili aone ni laini zipi nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua.